Sauti Aliyoificha Kinubi

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Kinubi kwenye kiti cha saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama, na redio ya msusi imetoka kuutangaza wimbo wake mpya. Mlinitumia ujumbe kibao mkiniuliza nina roho gani ya kukata hadithi pale. Roho yangu haina neno, nafasi gazetini ndiyo iliyokwisha. Haya, turudi saluni.

Gitaa lilipigwa peke yake, taratibu, kama sekunde kumi hivi. Kisha ikaingia sauti.

Haikuwa ile sauti nyembamba mnayoijua, ambayo watoto wa shule wanaiiga njiani na ambayo kampuni ya sabuni imeibandika kwenye kila tangazo lake. Hii ilikuwa nzito. Ilitoka kifuani, ina mikwaruzo, na kuna mahali ilikatika kabisa ikakaa kimya, halafu ikarudi imechoka.

Msusi alibaki na kitana hewani. Akasema mtangazaji kachanganya mambo, huyo anayeimba ni mwanamume. Mama mmoja aliyekuwa akioshwa nywele akasema hata kama ni mwanamume, waache kwanza amalize.

Kinubi alijivutia taulo mpaka kidevuni. Sauti ile alikuwa anaijua tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa sababu ilikuwa yake.

Wewe uliyeanza kusoma leo, sogea nikunong'oneze, wenzako wanajua tayari. Sauti ya Kinubi mnayoisikia kila siku si aliyozaliwa nayo. Ya kweli iko chini kuliko ya wanaume wengi. Shuleni walimwita Besi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Mwalimu wa kwaya alikuwa mama yake mzazi. Asubuhi ya mashindano mama akampanga mstari wa nyuma, akamwinamia na kumwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Binti akafungua mdomo tu. Kwaya ikachukua kikombe, mama akamkumbatia, na mtoto akaondoka pale akiamini kwamba mambo hunyooka yeye akinyamaza.

Miaka ikapita, akaanza kutunga. Meneja aliyempata alipenda maneno yake na hakuipenda sauti. Ndipo walipoanza utaratibu wao. Kinubi hutunga bafuni kwake, amekalia ndoo iliyofunikwa, simu juu ya sinki, anaimba kwa sauti yake yenyewe kwa sababu bafuni kuna mwangwi na hakuna mtu. Rekodi hiyo anaipeleka studio. Kule anaimba upya amejibana koo, prodyuza anaichukua anaipandisha kwa kompyuta mpaka inakuwa nyembamba kama uzi, kisha anaifunika kwa ngoma za kuchezeka. Jukwaani mashine inaimba, Kinubi anacheza. Wamekwenda hivyo miaka sita.

Sasa, mtu hawezi kuimba kama ndege halafu akaagiza chai kama dereva wa lori. Kwa hiyo hata kuongea anaongea kwa kujibana. Dukani, kwenye simu, kwenye mahojiano, hata chafya anaibana. Na mchumba wake, yule mfamasia mpole atakayemwoa mwezi ujao, hajawahi kuisikia sauti yake ya kweli hata siku moja. Miaka miwili, ndugu zangu. Nimemwuliza Kinubi mara ngapi atamwambia lini, naye kila wiki ananijibu wiki ijayo.

Basi siri hiyo ndiyo iliyokuwa ikiimba redioni saa nne asubuhi, mbele ya nchi nzima.

*Nimekuwa mgeni kwenye koo langu,*
*nabisha hodi, sijifungulii.*

Maneno hayo hayo yalikuwa kwenye kopi iliyosafishwa, ile ya kuchezeka. Watu wa studio waliyacheza wiki nzima na hakuna aliyeyasikia. Sasa yule mama aliyekuwa akioshwa nywele alikuwa anajifuta macho kwa kona ya taulo, akidai povu limemwingia.

Kinubi alisimama. Msusi akamwambia bado upande mmoja, dada, utatokaje hivyo. Kinubi akajifunga mtandio kichwani akatoka nao.

*

Kinubi alimkuta prodyuza studio, anakung'uta makombo ya mkate kwenye kibodi. Huyu ni mtu wa maneno machache, ana miaka hamsini na kitu, anavaa kandambili kazini na hajawahi kumsifia msanii yeyote machoni pake.

"Umenimaliza," Kinubi akamwambia.

"Sikutuma mimi."

"Nani sasa? Kuna mwingine humu?"

Prodyuza hakubishana. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wake akamwonyesha. Wimbo ulitumwa redioni juzi, saa saba na dakika ishirini mchana. Saa ile prodyuza alikuwa amekwenda kula. Aliyekuwa amekalia kiti chake, mtangazaji akimsumbua kwa simu kila baada ya dakika tano, alikuwa Kinubi peke yake.

Mnaofanya kazi za studio mtanielewa. Huyu prodyuza ana ugonjwa wa kuita kila kopi "mwisho". Akibadilisha kidogo anaiita "mwisho kweli". Akibadilisha tena, "mwisho kabisa". Siku ile kwenye kompyuta kulikuwa na mwisho nne zimepangana, na Kinubi kwa haraka zake akachagua mwisho kabisa, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angechagua. Kumbe mwisho kabisa ilikuwa rekodi ya bafuni, ambayo prodyuza aliiwekea gitaa moja tu akaihifadhi.

"Hukusikiliza kabla ya kutuma?" prodyuza akamwuliza.

"Nilisikiliza mwanzo."

"Mwanzo ni gitaa."

Kinubi alikaa. Akamwuliza kwa nini aliitengeneza wakati hakuna aliyemwagiza. Prodyuza alijikuna shingo akasema huwa anaisikiliza asubuhi, kabla hajafungua kazi za watu. Kinubi akamwuliza tena kwa nini basi aliipa jina lile la kupoteza watu.

"Kwa sababu baada ya hiyo sikuona cha kuongeza."

Alisema hivyo akiangalia vitufe vyake. Miaka sita walikuwa wakifanya kazi pamoja, na siku zote hizo kazi yake ilikuwa kuongeza.

Kinubi alitaka kukasirika na hasira haikuja, kulikuja kitu kingine kibaya zaidi. Alikumbuka kwamba juzi, kabla ya kubonyeza, aliona urefu wa faili. Wimbo wa kuchezeka ulikuwa dakika tatu kamili. Faili alilolituma lilikuwa na dakika nne na nusu. Aliona, na kidole kikabonyeza. Mimi simsemei alikuwa anawaza nini. Naye mwenyewe pale kwenye kiti hakuweza kujisemea.

Simu yake ikaita. Mchumba.

Kinubi alivuta pumzi, akabana koo, akapokea. Prodyuza aliyaona mabadiliko hayo kwa karibu, jinsi mishipa ya shingo ilivyosimama, akageuza macho.

Mfamasia alikuwa anaongea kwa haraka isiyo yake. Alisema wimbo ulipoanza alikuwa dirishani anahesabu vidonge vya mzee mmoja, na hesabu ikampotea mara mbili. Foleni yote ilinyamaza. Akasema wagonjwa wake huwa hawanyamazi hata kwa daktari.

"Nilitaka kukuuliza tu," akasema. "Huyo kaka anayeimba ni nani?"

Kinubi alitazama kioo cha kompyuta, jina la faili bado liko pale.

"Usinielewe vibaya, mpenzi. Nyimbo zako nazipenda, unajua. Lakini huyu mtu ameimba kama anayesema kweli. Ningependa kumfahamu."

Hapa, msomaji wangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakuna mwanamke aliyewahi kufunguliwa mlango mpana kuliko ule. Mtu anakwambia ameipenda, ameipenda kabla hajajua ni yako, hana hata sababu ya kukufurahisha. Sema tu. Neno moja.

"Simjui," Kinubi akasema kwa ile sauti nyembamba. "Ni makosa ya redio."

"Kweli humjui?"

"Simjui kabisa."

Alikata simu akabaki ameishikilia mapajani. Nimemtunga mimi huyu, nampenda, lakini pale nilitamani kumzaba kofi. Prodyuza alichukua kikombe chake akaenda kukiosha, na kilikuwa kisafi.

*

Meneja alikuja studio na mpango tayari. Msimchukie meneja. Ana wacheza shoo wanane, madereva wawili na ziara ya miji kumi na mmoja mgongoni kwake, na kampuni ya sabuni ilikuwa imempigia mara sita kuuliza kama binti yao amegeuka mwanamume. Alikaa ukingoni mwa meza, akamwita Kinubi mwanangu, akamweleza kwamba watu hawapendi sauti, watu wanapenda walichozoea. Ukiwabadilishia wanahisi wametapeliwa. Wanaweza kukusamehe wizi, wakakusamehe hata fumanizi, hilo la kutapeliwa hawasamehi.

Kwa hiyo saa nane mchana kutakuwa na kikao na waandishi wa habari kwenye ukumbi wa hoteli. Wataambiwa kwamba Kinubi akitunga, huwa kuna mtu wa kumwimbia wimbo kwanza ili ausikie, na rekodi ya mtu huyo ndiyo iliyopotea njia. Jambo la kawaida, halina aibu.

Kinubi akauliza mtu huyo ni nani.

Meneja akasema amekwisha kumpata. Ni mwimbaji wa harusi, pande la mtu, ana besi ya kutikisa vikombe. Atakaa kando yake, atapigwa picha, Kinubi atamshukuru. Kwake Kinubi ni sentensi moja tu: ile si sauti yangu.

Kinubi alijitetea kidogo. Akauliza kama hawawezi kukaa kimya tu, jambo lipite. Meneja akasema ukimya una maswali. Kisha akamwambia kwa huruma ya kweli, kwa sababu hata yeye ana huruma yake, "Nimekubeba miaka sita. Usinibwage leo."

Naye Kinubi, ambaye tangu utotoni anajua jinsi ya kuwaridhisha watu, akaitikia kwa kichwa.

*

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba cha kuwekea viti vibovu. Ndimo walimowekwa wasubiri, yeye na mwimbaji wa harusi. Mwanamume mwenyewe alikuwa na suti iliyombana mabegani na adabu nyingi. Alimwamkia Kinubi kama mtu anayeamkia mkubwa, akaomba radhi kwamba anahitaji kujifunza wimbo kidogo, wasije wakamwambia aimbe akaumbuka.

Aliweka simu sikioni akaanza kuufuatisha chini chini. Sauti anayo, tumpe haki yake. Mistari miwili ya kwanza ilikwenda vizuri tu, nzito na safi.

Kinubi alitamani amnyang'anye simu. Alidhani ni hofu, akajichunguza akakuta ni wivu. Alikuwa anaionea wivu sauti yake mwenyewe, ile aliyoificha bafuni miaka yote, ambayo leo inavalishwa suti ya mtu na kutolewa nje kwa mlango wa mbele. Kumbe wangekubali. Kumbe sauti yenyewe haikuwa na ubaya, wangeipigia makofi na kuipiga picha, ilimradi tu isiwe ya kwake.

Mwimbaji wa harusi alikwama mahali pamoja kwenye wimbo. Alirudisha nyuma, akasikiliza, akajaribu, akakosa. Akarudisha tena.

"Dada, samahani," akasema. "Hapa inapokatika. Huyu mtu alikuwa anaumwa, au alifanya makusudi?"

"Alikuwa anajizuia asilie," Kinubi akasema.

"Ahaa." Akafikiri kidogo, akaizima simu. "Basi hapo mimi sipawezi. Mimi nimezoea kuimbia watu waliofurahi."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko walivyotarajia. Vipaza sauti vilikuwa vimefungwa mezani kwa utepe, vingine vimeanguka kifudifudi. Meneja alikaa kushoto, mwimbaji wa harusi kulia, Kinubi katikati na mtandio wake kichwani, nusu ya nywele zikimwasha chini yake.

Meneja alizungumza vizuri. Alieleza habari ya kupotea kwa rekodi, akachekesha, akamtambulisha mwimbaji wa harusi kama kijana mwenye kipaji ambaye nchi imemgundua kwa bahati. Picha zikapigwa. Mwimbaji alitazama meza muda wote. Kisha meneja akamgeukia Kinubi akamgusa bega, maana yake sasa wewe, ile sentensi moja.

Kinubi alijisogeza kwenye vipaza sauti, akabana koo kama kawaida.

"Sauti ile," akaanza, nyembamba, tamu, vile vile wanavyoijua.

Akakomea hapo.

Wale wa mbele waliniambia alikaa kimya hata mtu mmoja akaangalia kama kifaa chake kimezima. Alikuwa anafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa anaachia koo. Halikukubali mara moja. Limezoea kubanwa, likawa kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

"Ni yangu," akasema.

Ilitoka nzito, mpaka kipaza sauti kimoja kikavuma.

Waandishi walitazamana. Halafu, jamani, wakacheka. Walicheka kwa furaha kabisa, wakapiga makofi. Mwandishi mmoja akasema huyu dada ni hatari, anaigiza mpaka wanaume. Mwingine akamwomba arudie, hakuwa amewasha kinasa. Meneja, ambaye damu ilikuwa imemkauka usoni, aliona pa kujiokoa akacheka kuliko wote, akasema si mnaona sasa kipaji.

Kinubi aliwatazama. Alikuwa amejiandaa kwa kuzomewa, kwa kutukanwa, hata kwa kurushiwa chupa. Hakuwa amejiandaa kwa hili, kusema kweli ya maisha yake yote ikachukuliwa kuwa maigizo. Miaka sita aliwadanganya wakamwamini. Leo hawamwamini, na wala hawana nia mbaya.

Machozi yalimjaa, naye safari hii hakuyazuia. Akaanza kuimba.

Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Aliimba akiwa amekaa, viganja vimebana ukingo wa meza, kwa sauti ile ile ya kwenye ndoo. *Nimekuwa mgeni kwenye koo langu.* Wachache waliendelea kucheka mstari wa kwanza. Mstari wa pili walibaki wawili. Alipofika pale panapokatika, pakakatika, kwa namna ile ile waliyoisikia asubuhi redioni, na hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kamera zilishushwa. Mwimbaji wa harusi akanyoosha mkono wake mkubwa, akakichukua kipaza sauti kilichowekwa mbele yake, akakisogeza kwa Kinubi bila kusema neno.

Meneja alitaka kusimama, kiti kikamnasa koti, akaketi tena.

Kinubi alimaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Alihisi kifua kimekuwa chepesi, chepesi cha kutisha, akainua macho amtafute mtu yeyote wa kumtazama.

Ndipo alipoliona koti jeupe nyuma kabisa, karibu na mlango.

Meneja ndiye aliyemwita, kwa sababu wapiga picha wanapenda wachumba. Mfamasia alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, kalamu bado mfukoni, na alikuwa amesimama pale tangu mwanzo. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Alinyoosha mkono juu kama mmoja wa waandishi, akasubiri, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya, wakamwachia nafasi.

"Asubuhi nilikuuliza anayeimba ni nani," akasema. "Ukaniambia humjui."

Watu waligeuka kumtazama. Yeye akaendelea.

"Nilikuwa tayari nimempenda. Sasa nisaidie kitu kimoja. Huyo aliyekuwa akiniambia ananipenda, miaka miwili hii, yeye ni nani?"

Waandishi wote wakageuza vipaza sauti kwa Kinubi.